Hapakuwa na mkataba wa miaka 50: barua za Oktoba 1963 na shamba la babu

Ami yangu aliyeko Maskati hapendi kuandika. Anatuma sauti. Ile ya Jumamosi iliyopita ilikuwa ya dakika tisa. Nilianza kuisikiliza nimesimama foleni ya mkate hapa Turffontein, kusini ya jiji la Johannesburg, nikaimaliza nimekaa kwenye kizingiti cha duka la watu, mkate umeshapoa mkononi.

Kwa ufupi alisema hivi. Mwambao wa Kenya ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1963 Kenya ilikodishwa kwa miaka 50. Hesabu ilikwisha 2013. Kwa hiyo hati ya shamba la babu, iliyoandikwa zama za Sultani, ina nguvu kuliko karatasi yoyote ya Nairobi, na wale watu waliojenga shambani hawana chao. "Watolewe, mwanangu, tuuze, kila mtu apate haki yake kwa mujibu wa sharia. Makaratasi si unayo wewe?"

Makaratasi ninayo kweli. Marehemu baba alipohamia huku na biashara yake ya vitambaa alikuja na kopo la biskuti, lile la bati la duara, na alipofariki likabaki kwangu. Ndani yake mna hati ya shamba la ekari 40 kaskazini ya Malindi, njia ya Mambrui, vyeti vya kuzaliwa vya baadhi ya wazee wetu, risiti za kodi, na kurasa tatu zilizopigwa taipu ambazo kwa miaka sikuzishughulikia. Babu alikuwa karani wa mudir. Alikuwa mtu wa kuhifadhi karatasi.

Hadithi ya miaka 50 wasomaji wengi mmeisikia. Inazunguka kwenye makundi ya simu kutoka Maskati hadi Sharjah, na kule Pwani ilipata nguvu sana wakati wa wale vijana wa "Pwani si Kenya", ambao chama chao kilipigwa marufuku 2010 na Mahakama Kuu ya Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo 2012. Nami niliwahi kuiamini. Basi Jumamosi usiku nikalifungua kopo, nikazisoma zile kurasa tatu polepole, na juzi yake nzima nikawa najiuliza vipi nitamjibu ami bila kumvunjia heshima.

Tuanze na mali yenyewe. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa wakakubaliana kwamba Sultani wa Zanzibar ana visiwa vyake na ukanda wa bara wa maili kumi tu kutoka baharini, kuanzia kusini mpaka Kipini, pamoja na miji kadhaa ya Benadir. Sultani Barghash hakuulizwa alipime mwenyewe, alipelekewa akubali. Mei 1887 aliipa kampuni ya Waingereza ya William Mackinnon ruhusa ya kuuendesha ukanda wa kaskazini, kutoka mto Umba hadi Kipini, na muda ulioandikwa ulikuwa miaka 50. Hapo ndipo nadhani ile "miaka 50" ilipozaliwa. Ni namba ya kweli, ila ni ya mkataba mwingine, na mkataba huo haukumaliza hata miaka kumi kabla ya kampuni kufilisika.

Ukanda wa kusini, wa Tanganyika, ukauzwa kwa Wajerumani mwaka 1890 kwa maki milioni 4. Bandari za Benadir Waitaliano walizikodi kwanza, kisha wakazinunua 1905 kwa pauni 144,000. Kipande cha Kenya peke yake ndicho kilichobaki jina la Sultani. Tarehe 14 Desemba 1895, kampuni ilipokwisha kujitoa, Sultani Hamid bin Thuwaini na Waingereza walitiliana saini kwamba Uingereza itautawala Mwambao kwa niaba yake na kumlipa kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka.

Na hapa nawaomba mnivumilie kidogo, maana hili jambo hunichekesha na kuniuma kwa pamoja. Ili kampuni iondoke ilibidi ilipwe pauni 200,000 kwa ajili ya Mwambao. Zilitoka wapi? Zilitoka katika fedha ya Zanzibar, ileile iliyolipwa na Wajerumani kwa ukanda wa kusini, maana maki milioni 4 zilikuwa sawa na pauni 200,000. Yaani Sultani aliuza mguu wa kulia akapata pesa za kuukomboa wa kushoto, kisha wa kushoto akautembelea mtu mwingine.

Julai 1895 pale Mombasa wazee waliambiwa kwamba dini yao, kadhi wao na mila zao hazitaguswa. Bendera nyekundu ikaendelea kupepea Ngome ya Yesu. Mbarak bin Rashid wa Gazi na baadhi ya Mazrui hawakukubali utawala huo mpya wakaingia vitani mpaka 1896. Wengine walikaa na liwali wao na mudir wao, na kwa miaka 68 mtoto wa Malindi akawa raia wa Sultani anayetawaliwa na gavana wa Nairobi. Ramani ilisema "Koloni na Himaya ya Kenya". Sisi tulikuwa ile Himaya.

Uhuru ulipokaribia, swali likawa gumu. Bandari ya Mombasa, mlango wa Kenya na Uganda nzima, iko ndani ya zile maili kumi. Septemba 1961 Uingereza na Sultani Abdulla bin Khalifa walimteua Sir James Robertson, Mwingereza aliyetumikia Sudan miaka mingi kisha akawa Gavana Mkuu wa Nigeria, aende akasikilize watu. Alisikiliza wa kila namna. Wapo waliotaka Mwambao uwe nchi yake, wapo waliotaka urudi kwa Sultani. Wamijikenda wengi hawakutaka hata kusikia jina la Sultani, na wakimfuata Ronald Ngala walitaka majimbo ndani ya Kenya. Ripoti ilitoka Desemba: Mwambao uunganishwe na Kenya kabla ya uhuru, ila Waislamu wawekewe ulinzi wa dini, wa kadhi, wa elimu na wa ardhi. Machi 1962 kukawa na mkutano London, Lancaster House. Haukumaliza neno.

Lililomaliza neno ni zile kurasa tatu za kopo la biskuti.

Tarehe 5 Oktoba 1963, Jomo Kenyatta, Waziri Mkuu wa Kenya, na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, walibadilishana barua. Siku tatu baadaye, 8 Oktoba, mkataba ukatiwa saini London. Mkataba ni mfupi kuliko risiti ya supamaketi. Unasema kwamba siku Kenya itakapopata uhuru, Himaya itakoma kuwa sehemu ya milki ya Sultani na itakuwa sehemu ya Kenya, na mkataba wa 1895 utakoma. Hamna "kukodisha" ndani yake. Hamna miaka 50, wala 99, wala mmoja. Nimeusoma mara nne nikiutafuta mwaka 2013 wa ami. Haumo.

Lakini barua zina ahadi, na ni tano. Uhuru wa ibada na kuhifadhiwa majengo na taasisi za dini kwa raia wa Sultani Waislamu na vizazi vyao. Mamlaka ya Kadhi Mkuu na makadhi wote yatabaki, katika mambo ya ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu. Watawala katika sehemu zenye Waislamu wengi wawe Waislamu kadiri itakavyowezekana. Watoto wa Kiislamu wafundishwe Kiarabu kadiri itakavyowezekana, na ruzuku ya shule zao za msingi za Pwani iendelee. Na ya tano, ambayo babu aliipigia mstari kwa kalamu ya wino: hati za milki kamili za ardhi zilizokwisha kusajiliwa Pwani zitatambuliwa wakati wote, na serikali ikitaka ardhi hiyo kwa haja ya umma italipa fidia kamili na upesi.

"Wakati wote." Neno hilo liko kwenye kadhi na liko kwenye ardhi. Kwenye watawala na Kiarabu wameandika "kadiri itakavyowezekana". Aliyewahi kuuza duka anajua tofauti ya mteja anayesema nalipa na mteja anayesema nitajitahidi.

Sasa niliyoyaona mimi, na msomaji ana haki ya kunipinga. Waliozungumza walikuwa na haraka, kila mmoja kwa sababu yake. Kenyatta alitaka bandari kabla ya 12 Desemba. Shamte alikuwa na uhuru wake mwenyewe tarehe 10 Desemba, na upinzani mkubwa nyumbani. Mwambao kwake ulikuwa mzigo wa mirathi, si mali ya kupigania. Uingereza ilitaka kufunga faili. Watu wa Mwambao walisikilizwa na Robertson, wakasikilizwa London, lakini mwisho walikuwa jina kwenye barua za watu wawili. Kura ya maoni haikupigwa. Ahadi ile tuliandikiwa sisi, akakabidhiwa mtu mwingine atutunzie.

Na huyo mtu mwingine hakudumu. Tarehe 12 Januari 1964 mapinduzi yakaiangusha serikali ya Shamte. Sultani Jamshid bin Abdullah akakimbilia baharini, akaishi Uingereza zaidi ya nusu karne, akaruhusiwa kurudi Oman 2020 na kufariki Maskati tarehe 30 Desemba 2024. Nimehesabu kwa vidole: tangu barua kuandikwa hadi mwenye kuipokea kupoteza nchi ni siku 99. Tangu Kenya ipate uhuru ni siku 31. Baada ya hapo Kenya ikivunja ahadi, nani atagonga mlango kudai? Serikali mpya ya Unguja haikuwa na haja ya kutetea barua za Sultani. Nyinyi mlioko Ghuba mnajua zaidi yangu wazee wenu walikuwa wapi mwezi ule.

Hapa mtaani kwetu nimepata wa kulinganisha naye. Turffontein ni mahali pa wapita njia. Uwanja wa mbio za farasi ulioanzishwa 1887, mwaka uleule wa ruhusa ya Barghash, Waingereza waliugeuza kambi ya wanawake na watoto wa Makaburu wakati wa vita vyao. Leo mitaa iliyouzunguka imejaa Wamsumbiji, Wakongo, Wazimbabwe na sisi wa Pwani wachache tunaokwenda Fordsburg kutafuta nyama ya halali. Jirani yangu wa ukuta mmoja ni mzee aliyefanya kazi bandarini Walvis Bay.

Walvis Bay ni Mwambao wa huku. Waingereza waliichukua 1878, ikaunganishwa na Koloni la Cape 1884, na Afrika Kusini ikairithi. Namibia ilipopata uhuru 21 Machi 1990, bandari yake kubwa ilibaki mikononi mwa Afrika Kusini, ijapokuwa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilishasema tangu 1978, katika azimio namba 432, kwamba irudishwe. Wakazungumza. Kuanzia Novemba 1992 wakaiendesha kwa ubia, maofisa wa nchi mbili katika ofisi moja, na usiku wa 28 Februari 1994 kuamkia 1 Machi ikakabidhiwa.

Nilimsimulia mzee habari za barua zetu. Akaniuliza walitupa muda gani. Nikamwambia kutoka saini mpaka bendera kushuka ni siku 65. Akatikisa kichwa. "Sisi tulikuwa na miezi 16," akasema, "na bado kuna watu walilala upande huu wakaamka upande ule wakauliza mishahara." Halafu akaongeza kwamba walau wao, aliyepewa bandari yupo mpaka leo, na anayedai anajua aende ofisi gani.

Turudi kwenye ahadi, maana hazikufa zote. Ya kadhi imeishi. Kenya iliiweka katika katiba yake ya uhuru, na mwaka 2010, makanisa mengi yalipopinga na majaji wa Mahakama Kuu kutoa hukumu dhidi yake miezi michache kabla ya kura, wananchi walipiga kura 4 Agosti na katiba ikapita na kadhi ndani, ibara ya 170. Ndoa, talaka, mirathi, baina ya Waislamu wanaokubali kwenda kwake. Karibu neno kwa neno na barua ya babu. Kwa hiyo anayesema Kenya ilizitupa barua zote baharini, hajasoma.

Ya ardhi ndiyo iliyopinda, na hapa wenye jamaa Ghuba tegeni sikio. Katiba hiyohiyo, ibara ya 65, inasema asiye raia wa Kenya hawezi kumiliki ardhi ila kwa kukodi, na si zaidi ya miaka 99. Na jedwali lake la sita linasema milki kamili iliyokuwa kwa asiye raia ilirudi kwa Jamhuri siku katiba ilipoanza kufanya kazi, 27 Agosti 2010, na badala yake mwenyewe apewe ukodishaji wa miaka 99 kwa kodi ya jina tu. Barua ilisema wakati wote. Katiba ikasema inategemea pasi yako ya kusafiria. Ami ana pasi ya Oman. Watoto wake wote hali kadhalika. Ami alipokuwa akingojea mwaka 2013 umpe Mwambao, mwaka 2010 ulikuwa umeshapita na fungu lake.

Mlango wa kurudi upo. Aliyezaliwa raia wa Kenya akaupoteza uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine, katiba inampa haki ya kuuomba tena. Lakini Oman hairuhusu kushika uraia wa nchi mbili bila idhini. Sitamshauri mtu kwa hilo. Kila nyumba ina hesabu yake.

Limebaki lile nililokuwa naliogopa, la watu walioko shambani. Tuseme ukweli baina yetu. Hati ya babu ilitokana na sheria ya hati za ardhi ya 1908, iliyomtaka kila anayedai ardhi ya Pwani aende akajiandikishe. Waliokwenda ni waliojua karatasi, na wengi wao ni sisi. Mmijikenda aliyelima hapo kwa mila za ukoo hakuandikwa, na mtoto wa mtumwa aliyepanda minazi hiyo hakuandikwa pia. Ahadi ya tano ililinda zilizosajiliwa. Wale wengine hawakuwamo kwenye barua hata kwa "kadiri itakavyowezekana". Leo wanaitwa maskwota.

Nilikwenda shambani miaka sita nyuma. Nyumba nilizihesabu 14, na msikiti mdogo wa udongo. Mzee mmoja alinionyesha kaburi la baba yake na la babu yake, chini ya mwembe ambao kwetu husimuliwa kuwa aliupanda babu yangu. Kwao husimuliwa aliupanda babu yake yeye. Alinichumia madafu, akakataa pesa. Hakuniuliza nimekuja kufanya nini, na mimi sikusema.

Usiku wa Jumatatu nikamrekodia ami. "Ami, shikamoo. Nimezisoma karatasi za babu. Mkataba wa miaka 50 haupo." Nikamweleza yote, la katiba na la pasi, na la yule mzee. Nikamwambia kabla ya neno la kuuza tukae sote, warithi ni 31 na nijuavyo wenye uraia wa Kenya ni sita, na kwamba kuna familia Pwani zimekaa na maskwota wao wakagawana kwa suluhu, wao wakapata hati za viwanja vyao na wenye shamba wakabaki na sehemu isiyo na kesi. Nikasema mimi niko tayari kuanza mazungumzo hayo. Nilirekodi mara tatu, sauti ilikuwa inapanda.

Akajibu kesho yake, safari hii kwa sekunde 20 tu. Akasema babu alipiga mstari pale kwa sababu. Nikamjibu najua, ami, na mstari ninao hapa mbele yangu.

Jana akapiga shangazi wa Sharjah, ambaye ami ameshamsimulia. Hakutaka habari za Kenyatta wala za Shamte. Aliuliza jambo moja: cheti chake cha kuzaliwa, cha hospitali ya Malindi, kimo kwenye kopo? Nikamwambia angoje kwenye simu, nikalishusha kopo kabatini nikaanza kutafuta.